Anaumwa Nini Si Swali la Mwenye Nyumba

Wiki iliyopita nikiwa zamu ya usiku alikuja mchungaji na mfuko wa chakula, akamuulizia mpangaji wetu mmoja kwa majina yote matatu. Binti aliyekuwa mapokezi akamjibu kwa adabu kwamba hawezi kusema kama mtu huyo anaishi hapa au haishi. Mchungaji akasema anajua kabisa mtu ni mgonjwa, amekuja kumwombea. Jibu halikubadilika: acha ujumbe, kama yupo ataupata. Nilifurahi mno, nikaona lazima niandike.

Jengo lenyewe liko Seattle, Marekani. Wanaokaa humo wengi walikuwa wanalala nje, na wana maradhi ya muda mrefu: ya akili, ya ulevi, ya moyo, VVU. Kila mmoja ana chumba chake na mkataba wake, analipa kiasi cha asilimia 30 ya kipato chake, na sisi wahudumu tupo chini usiku na mchana. Utaratibu wa kumpa mtu chumba kwanza, bila kumwambia aache pombe ndipo apewe, ulijaribiwa New York kuanzia 1992 ukaenea. Kinachonigusa zaidi ni sheria ya makazi ya 1968, ambayo marekebisho yake ya 1988 yaliwaingiza watu wenye ulemavu. Kwa kawaida mwenye nyumba haruhusiwi kumhoji mpangaji anaumwa nini. Na kuingia chumbani kwake, katika jimbo hili la Washington, anatakiwa atoe taarifa ya maandishi siku mbili kabla, isipokuwa kwa dharura. Nyie mliopanga Manzese na Tandale, kule Dar es Salaam, mnajua ninavyojisikia nikisoma kifungu hicho.

Najua mtasema nimevuka maji nikaota mapembe. Sijasema huku ni peponi. Jengo letu lina kunguni wasiokwisha. Lifti inakufa, mzee wa magongo anakaa ghorofani siku nzima akisubiri fundi. Hata hiyo siri ina matundu: chumba cha aina hii hupewi mpaka ulete karatasi kuthibitisha ulemavu wako, yaani unafungua ugonjwa wako ili upate mlango wa kuufungia. Ile sheria ya siri za wagonjwa ya 1996, ambayo kila mtu huku anaitaja, inazibana hospitali na kampuni za bima. Mwenye nyumba kwa kawaida haimgusi. Halafu kuna daftari la zamu. Fulani kalewa, fulani hajanywa dawa, yote yanaandikwa, na linasomwa na watu wasiohusika. Nimeligombea hilo kazini na sitaacha.

Ila wapangaji hawa dawa zao wanaziweka mezani, wazi. Hilo ndilo linaloniuma nikifikiria nyumbani. Kwetu mtu anaishi Mbagala, dozi yake ya VVU anaifuata mji wa pili, Kibaha, ili asikutane na jirani dirishani. Akifika anabandua lebo, anasokomeza pamba ndani ya kopo vidonge visicheze, kisha anasubiri wenzake walale. Dawa ni bure, mnajua. Anaziacha kwa sababu ukuta haujafika juu, na chumba cha pili wanasikia mpaka unavyogeuka kitandani.

Na hizi picha za wodini! Binamu yangu aliwekwa kwenye grupu la ukoo amelala, dripu mkononi, kanga imeteremka begani, na maelezo ya figo zake kwa kila mtu hadi wakwe wa wakwe. Nilipoomba ifutwe nikaambiwa nina majivuno, na mmoja akauliza mchango wa dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, utapatikanaje kama watu hawajaona. Ni swali la haki, kwa sababu matibabu yale hayalipiki na mfuko wa mtu mmoja. Lakini semeni kinatakiwa kiasi gani na kitumwe namba ipi. Mimi nilituma kabla sijaiona picha, na wengi wenu hali kadhalika.

Wengine watasema siri ni mambo ya wazungu. Basi tazameni sheria zetu wenyewe. Sheria yetu Tanzania ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya aliyepimwa, na ya ulinzi wa taarifa binafsi ilitungwa 2022 ikaanza kutumika 2023. Kenya mwaka 2015 serikali iliagiza wanafunzi wenye VVU waorodheshwe. Watu wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka uliofuata ikasema agizo hilo linavunja katiba. Hao walioshtaki ni ndugu zetu, walijua mtoto anavyotazamwa darasani jina lake likishapita kwenye orodha.

Shangazi yangu ana hoja ngumu kuliko zote. Huko kwenu, ananiambia, mtu anafia ndani mlango umefungwa mpaka harufu imtaje, sisi tunajuliana hali. Kweli tupu. Nimeshasimama nje ya mlango kama huo, na nisingetamani yeyote asimame pale. Kwetu mgonjwa anapikiwa uji, anaogeshwa, anakeshewa, na hakuna anayelipwa. Wenzangu kazini nikiwasimulia wanadhani natunga. Najivunia hilo, na ningelileta huku lote kama lingebebeka.

Lakini Shangazi, wewe ulikuwepo mama alipozidiwa. Kijana wa chumba cha mwisho alimbeba mgongoni mpaka barabarani usiku wa mvua, na mkewe akabaki kulala na wadogo zangu. Hawakuuliza anaumwa nini, wala hawakuuliza aliporudi. Aliyeuliza ni baba mwenye nyumba. Alizunguka mlango kwa mlango hadi akapata wa kumwambia, na mwezi haujaisha akatutaka tuhame.