Msimkalishe tu kibarazani

Huku kwetu Mtwara, mtu akitoka wodini na kadi ya kliniki ya afya ya akili, familia hujipanga kwa mambo mawili: nani atamsimamia dawa, na nani atahakikisha hasumbuliwi. Panga linafichwa, na hilo siwalaumu. Jembe nalo linafichwa. Simu anapewa mdogo wake "amtunzie". Asubuhi anatolewa kiti kibarazani, mchana kiti kinasogezwa kufuata kivuli, magharibi anaingizwa ndani. Ukipita ukauliza hali yake unajibiwa, "Ametulia, alhamdulillahi."

Utulivu huo ndio ninaoutilia shaka. Kwa jinsi ninavyoona, sehemu kubwa ya udhaifu wa watu hawa baada ya mwaka wa pili nyumbani haitokani tena na ugonjwa, inatokana na kukalishwa. Dawa zina kazi yake na zinaifanya: zinapunguza sauti anazozisikia peke yake, zinarudisha usingizi, zinaondoa ile hofu ya kuona kila mtu ni adui. Lakini hakuna kidonge kinachomrudishia mtu mazoea ya kuamka alfajiri, kuoga bila kuambiwa, kukumbuka anamdai nani, au kukaa kwenye mkutano wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mpaka mwisho. Mambo hayo hurudi kwa kuyafanya. Na kuna taaluma nzima ya kumsaidia mtu ayafanye tena, inaitwa tiba kwa vitendo. Wengi huku hawajawahi kuisikia, au wameisikia wakadhani ni mazoezi ya viungo kwa waliopata kiharusi.

Nina mjomba Newala, alikuwa fundi baiskeli kabla hajaugua. Ugonjwa wake ni skizofrenia, ingawa nyumbani jina hilo halitamkwi; watu husema "yale mambo yake". Aliporudi kutoka hospitali wazee walikaa kikao, wakamwambia kwa upole kabisa, "Wewe pumzika, chakula kitakufuata." Kijiwe chake chini ya mwembe akapewa kijana mwingine. Alikaa hivyo mpaka muuguzi mmoja wa kliniki, badala ya kuuliza tu kama dawa zinamezwa, akamuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Alipojibu, muuguzi akasema atafutiwe baiskeli moja yenye pancha.

Nilikuwepo siku alipoishika. Akabandua tairi kwa mpini wa kijiko, kama mafundi wote wanavyofanya, akatoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye beseni la maji mpaka povu likaonyesha tundu lilipo. Akaifuta, akapiga msasa, akakata kiraka, akapaka solusheni. Mpaka hapo ungesema hajawahi kuugua. Kisha akabandika kiraka hapo hapo, solusheni ikiwa bado mbichi. Kupiga pampu mara chache tu, kiraka kikang'oka. Akarudia, vile vile. Jirani aliyekuwa akitazama akatikisa kichwa: "Mnaona? Kichwa bado."

Kichwa kilikuwa na kazi yote ya ufundi isipokuwa sehemu moja, kungoja. Ugonjwa huu hata ukitulizwa kwa dawa huacha nyuma matatizo ya umakini, ya kushikilia jambo akilini kwa dakika chache, na ya kupanga hatua, na dawa zilizopo hazisaidii sana upande huo. Watu wanauita uvivu au ujinga. Muuguzi hakumwambia mjomba "jitahidi kukumbuka", maana ushauri huo hauna tofauti na kumwambia mwenye mguu mbovu ajitahidi kutochechemea. Aliibadilisha kazi yenyewe. Akasema: ukishapaka solusheni, weka tyubu chini, chukua mnyororo uupake grisi mwanzo hadi mwisho, ndipo urudi kubandika. Muda wa kungoja ukageuka kuwa kazi. Kiraka kikashika.

Muuguzi huyo hakuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ila alichofanya ndicho kiini cha taaluma hiyo: kumtazama mtu akifanya kitu anachokijali, kuona ni hatua ipi hasa inayomshinda, kisha kuirekebisha hatua hiyo, au mahali, au kifaa. Hata mkono uliokuwa ukimtetemeka tuliuona pale kwenye msasa, si kwenye kiti. Mtetemo wa namna hiyo mara nyingi huletwa na dawa zenyewe, na kliniki ikiambiwa inaweza kupunguza kipimo au kuongeza dawa ya kuutuliza. Mtu aliyekaa kibarazani mikono mapajani anaweza kutetemeka mwaka mzima bila mtu kuona kama kuna la kusema.

Mjomba hajawa fundi yule wa zamani. Anafanya kazi asubuhi tu, baiskeli mbili zikizidi anachoka na kukasirika, na hesabu ya chenji anaishika mpwa wake. Sioni kwa nini iwe hasara.

Kwa wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu, jambo ni hilo hilo ingawa sura ni nyingine. Tunamwambia mtu, "Ukipata nafuu utaanza kwenda shamba." Katika sonona hamu haiji kwanza. Mtu huanza na kitu kidogo kisicho na hamu yoyote, kama kufagia upande mmoja wa uwanja au kupukuchua bakuli moja la mbaazi, na moyo hufuata nyuma kwa kusuasua. Kusubiri moyo uwe wa kwanza ni kusubiri sana.

Halafu wapo wazee wetu, ambao kwao tumekata tamaa mapema kuliko kwa vijana. Mikindani kuna bibi ninayemfahamu ambaye siku hizi anauliza swali moja mara kumi na kumwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake. Watu wanasema uzee, amerudi utotoni. Huenda ni dimenshia, na dimenshia si uzee wa kawaida. Ni ugonjwa wa ubongo. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta karibu wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wanao. Kwa hiyo yule bibi kila mtaa unaye wake.

Bibi huyu alikuwa msukaji mikeka wa kusifika. Alipoanza kusahau, miyaa, yale makuti membamba ya kusukia, ikaondolewa ndani kwa sababu "anachanganya tu". Kweli, alikuwa akichanganya, lakini mahali pamoja: pale pa kuuanza ukili, ule utepe uliosukwa ambao huunganishwa kuwa mkeka, ambapo lazima uhesabu miyaa, uipange, ujue upana unaoutaka. Mkwewe, mwanamke mwenye subira kuliko mimi, alijaribu kuuanza yeye ukili, akausuka kiasi cha kiganja, kisha akamwekea bibi mkononi bila kusema neno. Vidole vikaendelea vyenyewe. Kumbukumbu ya mikono hukaa sehemu tofauti ya ubongo na kumbukumbu ya majina na tarehe, na mara nyingi huchelewa sana kuharibika. Bibi hajui leo ni siku gani, ila akikosea mwaa mmoja anaurudisha nyuma mwenyewe na kusonya.

Mtaalamu angefika nyumba ile angeongeza mengine madogo. Angeshauri khanga zitolewe mbili achague moja, si sanduku zima. Kuoga kuwe saa ile ile kila siku. Moto na sufuria la maji ya ugali awe navyo mwingine, bibi apewe kuchambua mchele. Uholanzi walipima msaada wa aina hii: vikao 10 vya nyumbani katika wiki 5, mtaalamu akikaa na mgonjwa pamoja na anayemtunza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha wazee walifanya shughuli zao za kila siku vizuri zaidi, na waliowatunza hawakuelemewa tena kama awali. Hapa hapa nchini, Hai hiyo hiyo, wazee wenye dimenshia walikusanywa katika vikundi kwa vikao 14 ndani ya wiki 7 vya mazungumzo na shughuli za kuchangamsha akili, na matokeo ya mwaka 2017 yalikuwa ya kutia moyo. Hapakuhitajika mashine.

Najua nitakaloulizwa, na ni swali la haki: mbona wagonjwa wanafanyishwa kazi tayari? Ni kweli. Kila soko la kusini lina mtu mmoja anayebebeshwa ndoo za maji na mama lishe kuanzia asubuhi kwa ukoko wa wali. Kuna waganga ambao shamba lao la korosho hulimwa na wagonjwa walioletwa kutibiwa, na palizi ikiisha ndipo majini nayo yanakubali kuondoka. Hiyo si tiba hata ikipewa jina hilo. Mimi natumia vipimo vitatu: kazi ameichagua nani, jasho linamlisha nani, na je, anaweza kusema leo sifanyi akaendelea kupewa chakula? Kikishindikana hata kimoja, huo ni utumwa mdogo.

Taaluma yenyewe iliwahi kupambana na jambo hili. Hospitali za vichaa za Ulaya na Marekani ziliwahi kuendeshwa kwa nguvu za wagonjwa waliolima na kufua. Waliokutana Clifton Springs, New York, mwaka 1917 kuanzisha chama cha kwanza cha tiba hii Marekani walikuwa wakisema kitu kingine: shughuli ichaguliwe kwa faida ya mgonjwa, ipimwe kama dawa inavyopimwa. Mmoja wao, Eleanor Clarke Slagle, aliwapangia wagonjwa waliokuwa wametelekezwa ratiba ya siku nzima, kuanzia kuamka na kunawa mpaka michezo na kazi za mikono, ili mazoea yarudi. Kwetu, hospitali ya Lutindi kule Korogwe imepokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904, na wagonjwa wake hushughulika na chai, mashamba na karakana kama sehemu ya matibabu.

Kwa hiyo wazo si geni nchini. Geni ni kwa mgonjwa wa Tandahimba au Liwale kukutana na mtu aliyelisomea. Chuo kinachojulikana kwa kuwafundisha wataalamu hawa kiko kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa nilipo, na kijana akishahitimu kule sioni cha kumvuta aje kusini kama hatuna hata nafasi tuliyoiombea. Tumepata hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo, jambo zuri. Ningependa wabunge wetu, ambao wana sauti kubwa msimu wa bei ya korosho, waulize pia kitengo cha tiba kwa vitendo kina watu wangapi na kama wanafika wodi ya akili au wanaishia kwa waliovunjika.

Wakati hayo hayajaja, muuguzi wa kliniki anaweza kuongeza swali moja kwenye yale anayouliza kila mwezi. Familia nayo inaweza kuanza na kilichopo. Msimu wa korosho una kazi za kila kiwango: kuokota, kunyonyoa korosho kwenye bibo, kuanika, kuchambua nzuri na mbovu. Kubangua nisingempa mtu anayetetemeka au mwenye usingizi wa dawa, kwa kuwa mafuta ya ganda yanaunguza ngozi vibaya. Na awe mbali na uraka, ile pombe ya mabibo, ambao msimu huo huo umejaa kila kona na haupatani na dawa zake.

Limebaki la fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautambua ulemavu wa akili sawa na wa viungo. Kwenye vikundi ninavyoviona vikikabidhiwa hundi na kupigwa picha, wenye historia ya kliniki ya akili siwaoni. Afisa maendeleo wa kata mmoja nilipomuuliza alicheka, akasema, "Sasa huyo atarejeshaje?" Nikamwambia kuhusu fundi wangu wa Newala mwenye baiskeli mbili kwa asubuhi. Akaniuliza kama ana kikundi. Hana, bado tunamtafutia wenzake.