Pembe ya uzi na vumbi havikupewa uzito

Mwandishi wa makala ya kutengeneza mirija ya kaboni ameeleza vizuri jinsi mashine ndogo ya mezani inavyoviringisha uzi wa kaboni uliolowa epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu) kwenye bomba la alumini mpaka ukapata mrija mwepesi. Ila pembe ya uzi, yaani jinsi unavyolala kwenye bomba, ameipita haraka mno, na hapo ndipo penye kazi yenyewe. Mrija wa kubeba shinikizo, ukuta wake huvutwa kwa kuuzunguka mara 2 ya unavyovutwa kwa urefu, ndiyo maana pembe ya digrii 55 hivi kutoka kwenye mhimili (mstari wa katikati, kwa urefu wa mrija) hupendwa. Mrija wa kuzuia kupinda unataka pembe ndogo zaidi, na hapo uzi huteleza kwenye ncha usipoweka pini za kuushika.

Mrija wangu wa kwanza ulikwama. Nilipaka bomba nta, lakini sehemu moja, upana wa vidole vitatu tu, niliiruka bila kujua. Epoksi ikang'ang'ania papo hapo, ikabidi niupasue kwa msumeno. Siku hizi natanguliza karatasi ya Mylar (plastiki nyembamba), na epoksi ikishakauka naweka vyote kwenye friza. Alumini husinyaa kuliko kaboni, mrija unachomoka kwa mkono.

Na jamani, vumbi la kukata na kupiga msasa kaboni! Uzi wa 12K una nyuzi 12,000, kila moja ina unene wa mikroni 7 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Vaeni barakoa, pigeni msasa kwa maji. Halafu vumbi hilo linapitisha umeme, kwa hiyo kompyuta ya mashine isikae karibu.