Kuacha parabole na kuhamia intaneti: hesabu ya kwanza kwa nyumba ya Lubumbashi

Swali limeingia katika nyumba nyingi za Lubumbashi: kwa nini tuendelee kulipa abonema ya parabole kila mwezi, wakati filamu, katuni za watoto na hata mpira vinapatikana kwenye intaneti? Si swali la kupuuza. Mei 2025 ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia posta na simu, ilitangaza leseni ya Starlink, intaneti ya satelaiti, nchini Kongo, baada ya muda mrefu ambapo vifaa hivyo vilikuwa vimekatazwa. Mwezi uliofuata Canal+ na Netflix walitangaza mapatano ya kuiweka Netflix ndani ya huduma za Canal+ katika nchi 24 za Afrika zinazotumia Kifaransa. Septemba mwaka huohuo Canal+ ikaichukua MultiChoice, kampuni yenye DStv. Wauza satelaiti wenyewe, basi, wameanza kuuza njia zote mbili pamoja, na hilo peke yake linatuambia kwamba hata wao hawaamini parabole itabaki peke yake.

Hata hivyo, tofauti kubwa ya njia hizi mbili haimo katika uzuri wa picha. Satelaiti inatuma nakala moja ya picha kwa bara zima. Ukiwasha televisheni saa moja au saa kumi na nane, ukitazama peke yako au na lupango lote, gharama haibadiliki. Intaneti inatuma nakala mpya kwa kila skrini, kila saa, na nakala hiyo lazima mtu ailipe. Ukikosea hapo, utalipa zaidi ya ulivyokuwa ukilipa na utatazama kidogo kuliko zamani.

Tuchukue namba. Katika mipangilio ya Netflix, kiwango cha chini kinakula hadi GB 0.3 kwa saa, cha kati hadi GB 0.7, cha juu hadi GB 3 kwa picha ya HD na hadi GB 7 kwa 4K. Nyumba ambayo televisheni inawaka saa 6 kwa siku ina saa 180 kwa mwezi. Kwa kiwango cha kati hizo ni GB 126. Kwa HD zinafika GB 540. Sasa chukua bei ya forfe unayonunua kwa simu, igawe kwa GB zake, upate bei ya GB moja, kisha zidisha. Weka matokeo kando ya risiti yako ya mwisho ya abonema. Kwa mtu anayenunua mega za simu kidogokidogo, sioni namna hesabu hiyo inavyoweza kuishinda parabole, isipokuwa anatazama saa moja tu usiku na kwenye skrini ndogo.

Ndiyo maana kuhama kunaanza kuwa na maana pale tu penye intaneti ya mwezi isiyohesabu mega: fibre ikiwa inapita mtaani kwako, Starlink, au ruta ya 4G yenye forfe ya nyumbani. Na neno "isiyo na kikomo" lisomwe hadi mwisho wa mkataba. Mara nyingi kuna kiasi fulani cha GB ambacho ukikipita kasi inapunguzwa hadi mwezi uishe. Uliza namba mbili: kiasi hicho ni GB ngapi, na kasi baada yake ni Mbps ngapi. Ikishuka chini ya Mbps 1, hata kiwango cha kati hakiendi, kwa sababu GB 0.7 kwa saa zinahitaji karibu Mbps 1.6 bila kukatika.

Kuhusu kasi, Netflix inaomba Mbps 3 kwa picha ya 720p, Mbps 5 kwa 1080p na Mbps 15 kwa 4K. Namba hizo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachosumbua hapa kwetu si kasi ya juu kabisa, ni kasi ya saa mbili usiku. Mnara wa 4G unagawa uwezo wake kwa simu zote zilizo karibu. Ule unaokupa Mbps 20 saa nne asubuhi unaweza kukupa Mbps 2 watu wakisharudi nyumbani. Kwa hiyo pima kati ya saa moja na nusu na saa nne usiku, siku kadhaa mfululizo, pamoja na Jumamosi yenye mechi. Andika namba ya chini kabisa uliyoipata. Hiyo ndiyo intaneti yako, zile nyingine ni bahati.

Ruta ya 4G nayo huwekwa vibaya mara nyingi, nyuma ya televisheni au ndani ya kabati. Fungua ukurasa wa ruta, anwani yake imeandikwa chini ya kifaa chenyewe, utafute thamani iitwayo RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye ruta. Ikiwa bora kuliko -90 dBm, yaani karibu zaidi na sifuri, uko vizuri. Ikikaribia -110 dBm, isogeze kwenye dirisha linaloelekea mnara, uipandishe juu, na jaribu kila pembe ya nyumba kabla ya kufikiria antena ya nje. Bati za paa na nondo za madirisha hula mawimbi mengi. Kutoka kwenye ruta hadi televisheni, pitisha waya wa mtandao ikiwezekana: hata ule wa Mbps 100 unatosha kabisa, na unaondoa mikato ambayo watu huwalaumu mafundi wa kampuni bure, kumbe ni Wi-Fi ya jirani inayogombana na yako.

Starlink inastahili kusemwa peke yake, kwa sababu wengi wanaiona kama parabole mpya tu. Satelaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, kilomita karibu 35,800 kutoka ardhini, na hazisogei machoni mwetu. Kutoka Lubumbashi, ile ya nyuzi 36 mashariki inayobeba DStv iko upande wa kaskazini-mashariki, juu sana, karibu nyuzi 73 kutoka usawa wa ardhi. Parabole inahitaji njia moja tu iliyo wazi kuelekea hapo. Muembe uliosimama kusini mwa nyumba hauihusu. Satelaiti za Starlink zinapita kilomita karibu 500 juu na kila moja inatoweka baada ya dakika chache, hivyo sahani yake inataka kuona anga pana, duara la nyuzi kama 110. Muembe uleule unaweza kukukata sekunde chache kila baada ya dakika kadhaa, usiku kucha. Kabla ya kununua, tumia programu ya Starlink kwenye simu kupima vizuizi ukiwa juu ya paa mahali hasa itakapokaa, si pale chini uani.

Tena, mvua. Wapo wanaohamia Starlink wakiamini wameachana na picha inayoganda Januari. Njia zote mbili zinatumia mawimbi ya Ku, kati ya GHz 10 na 13, na matone makubwa ya mvua yanayanyonya yote. Mvua kali ya Katanga inaweza kuzima zote mbili kwa dakika kadhaa. 4G na fibre hazisumbuliwi hivyo na mvua yenyewe. Zinasumbuliwa na umeme unaokatika pamoja nayo.

Na umeme ndio unaoamua mambo mengi katika mji huu. Tuseme una betri moja ya risasi ya volti 12 na Ah 100. Usiishushe chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema: unabaki na Wh 600, na baada ya hasara ya inverta karibu Wh 510. Televisheni ya LED ya inchi 32 inakula kama wati 40, dekoda kama wati 15. Jumla wati 55, saa 9 za kutazama wakati wa delestaje. Televisheni na ruta ya 4G na kisanduku kidogo cha kutazamia: karibu sawa. Starlink ya kawaida inakula wati 75 hadi 100 peke yake. Ukiongeza televisheni unafika hadi wati 140, betri ileile inaisha kwa saa 4 hivi. Starlink Mini, ya wati 25 hadi 40, inakurudishia karibu saa 7. Mwenye kununua Starlink bila kuhesabu betri ya pili amenunua nusu ya kifaa. Upande wa 4G kuna hatari nyingine ambayo betri yako haiwezi kuitibu: mnara nao unategemea umeme, na betri zake zikiisha kabla mafuta ya jenereta hayajafika, utakuwa na taa zote nyumbani na mtandao hakuna. Dekoda haijali hayo yote.

Mpira. Hapa lazima tuseme wazi: Netflix haikuletei Ligi ya Uingereza wala Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Haki za michuano hiyo katika nchi zetu zimo mikononi mwa kampuni zilezile za satelaiti, na programu zao za simu zinataka uwe na abonema. Anayekata abonema akitegemea "link" za bure atatazama mechi kwenye kurasa zinazojaa matangazo ya kamari na zinazofungwa dakika ya 60. Kuna pia kuchelewa. Programu ya intaneti inakata picha vipande vya sekunde chache na kusubiri vipande kadhaa kabla ya kuonyesha, kwa hiyo mechi ya moja kwa moja huja sekunde 20 hadi 60 nyuma ya satelaiti. Katika mtaa wa Kenya au Katuba hapa Lubumbashi, ambako nyumba zimebanana, utasikia bao kwa jirani kabla hujaliona. Kwa mpenzi wa mpira hilo si dogo.

Biashara ya IPTV inayouzwa kwa WhatsApp, maelfu ya chaneli kwa dola chache, siihesabu kama njia ya tatu. Anayeuza hana haki ya anachouza. Seva inafungwa wakati wowote, na hakuna ofisi ya kwenda kudai mwezi uliobaki.

Haki inataka tuseme pia kile ambacho parabole yenye dekoda ya kawaida haiwezi. Haiwezi kumsubiri mtu. Mfanyakazi wa mgodini anayerudi usiku anakuta kipindi kimepita, na mtoto anayetaka somo la hesabu la darasa la sita hawezi kuliagiza kwa dekoda. Kwenye intaneti analipata, analisimamisha, analirudia. Filamu inapakuliwa usiku mtandao ukiwa mwepesi, kwenye simu au tableti, na kutazamwa kesho bila mega hata moja. Kwa nyumba yenye wanafunzi, faida hiyo naiona kubwa kuliko chaneli 50 ambazo hakuna anayezifungua. Na laini ile ya intaneti inafanya kazi nyingine za nyumba, jambo ambalo abonema ya televisheni haifanyi.

Parabole nayo ina ubovu wake, ila mwingi unatengenezwa kwa bei ndogo. Sahani ya sentimita 80 inaona upana wa nyuzi 2 hivi tu; upepo ukiisogeza nyuzi moja na nusu, chaneli zinaanza kupotea. Kabla ya kumwita fundi aigeuze, angalia kiungo cha waya kwenye LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya sahani: maji yakiingia, shaba inapata kutu ya kijani na mawimbi yanafia hapo. Kata sentimita chache za waya, weka kiungo kipya, kifunike kwa mpira, na acha waya uning'inie kidogo chini ya kiungo ili maji yadondoke badala ya kuufuata. Wengi wanaohama kwa hasira wangeweza kubaki kwa kiungo kimoja kipya.

Vifaa vya intaneti navyo vina mtego. Visanduku vingi vya Android vya bei rahisi sokoni vinaandikwa 4K kwenye boksi, lakini havina cheti cha Netflix wala Widevine L1, ule ulinzi dhidi ya kunakili unaodaiwa kabla ya picha ya HD kutolewa. Matokeo yake, hata ukiwa na Mbps 50, picha inabaki ya SD, hafifu kwenye skrini ya inchi 43. Mwambie muuzaji akiwashe dukani, muweke programu ya bure ya DRM Info, msome mstari wa Widevine. Ukisoma L3, mrudishie.

Malipo: abonema ya satelaiti unailipa kwa Mobile Money, na mwezi ukikosa pesa inasimama yenyewe bila deni. Netflix ukiichukua moja kwa moja, kwa kawaida inataka kadi na inajirudia kila mwezi hadi uikate. Tumia kadi ya mtandaoni unayoijaza mwenyewe, uweke kiasi cha mwezi mmoja tu.

Lipo pia jambo ambalo nyumba haiwezi kulitengeneza. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa karibu siku 20. Agosti 2023 maporomoko chini ya bahari, katika korongo la mto Kongo, yalikata WACS na SAT-3, nyaya za baharini zinazoleta intaneti. Lubumbashi ina njia nyingine ya kusini, kupitia Kasumbalesa na Zambia, lakini njia moja ikikatika, iliyobaki inabeba mzigo wa mbili.

Kwa hiyo, kwa nyumba yenye watu wengi na televisheni inayowaka mchana kutwa, msimamo wangu ni kushuka hadi bukee ndogo kabisa ya satelaiti, kubaki na parabole juu ya paa, na kuhamishia intaneti kile tu mnachokichagua: filamu, masomo, katuni. Wawili wasiojali mpira, wenye fibre au Starlink na betri ya kutosha, wanaweza kuhama kabisa. Hata hao, wasitoe mlingoti mwezi wa kwanza. Waache abonema iishe, wafunge waya wa LNB kwa plastiki ili maji yasiingie, wachomoe waya huo nyuma ya dekoda kwa ajili ya radi, na wapitishe angalau mwezi mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Machi, kabla ya kuuza dekoda. Ikiwa dekoda ni ya kukodi, wadai risiti ya kuirudisha yenye namba ya kifaa. Bila risiti hiyo abonema inaweza kuendelea kuandikwa kwa jina lao.