Kabla ya Dubai, fikeni Sur

Kila msimu wa baridi Muscat hujaa jamaa zetu kutoka Unguja, Tanga, Mombasa na Dar. Kuna aliyekuja kumlea binti aliyejifungua, aliyekuja kutibiwa, na aliyekuja kumwona kaka yake baada ya miaka mingi. Safari iliyopangwa kuwa ya wiki chache huvutika hadi miezi. Wanapofunga mizigo ya kurudi, ukiwauliza wametembea wapi, majibu yanafanana: msikiti mkubwa, soko la Mutrah, maduka yenye viyoyozi, halafu basi la kwenda Dubai kupiga picha chini ya Burj Khalifa.

Nami nimekaa Muscat kwa mtoto wa mama mdogo, muda wa kutosha kuwaona wengi wakienda na kurudi hivyo hivyo. Nasema waziwazi: Dubai haina ubaya, lakini mtu wa pwani anayekaa Oman miezi mizima asifike Sur, mji wa majahazi ulioko pwani kusini mashariki mwa Muscat, ameacha kuona mahali panapomhusu yeye mwenyewe kuliko jengo lolote refu.

Naelewa kwa nini watu hawatoki. Maisha ya Muscat yanakwenda na jua. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na hata miezi ya nafuu maduka mengi ya mitaani hufungwa baada ya adhuhuri hadi kama saa kumi alasiri. Ijumaa asubuhi mji umetulia kabisa. Ukiwa mgeni, nyumba inakubembeleza: kahawa na tende zimeletwa, halwa imefunuliwa, mara jirani aliyezaliwa Malindi ya Unguja anabisha hodi, mazungumzo yanaanza kwa Kiswahili na yanaishia usiku. Jioni mnatoka kununua mishkaki kando ya barabara, mnaipitia njia ya pwani ya Mutrah upepo ukivuma, mnarudi. Ni maisha matamu, na ndiyo yanayomfanya mtu akae nusu mwaka bila ya kuuvuka mji.

Msikiti wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, nendeni; zulia lake la Kiirani lililotandika ukumbi mzima wa sala linastahili kuonwa kwa macho. Makumbusho ya Taifa yaliyo mkabala na kasri la Al Alam nayo yapeni asubuhi moja. Hayo yako mjini, hayahitaji kampeni yangu.

Sur iko kusini mashariki, kama kilomita 200 kwa barabara ya pwani, milima mikavu mkono wa kulia na bahari mkono wa kushoto. Njiani kuna shimo la Bimmah, dimbwi la maji ya kijani kibichi chini ya ukingo wa mawe, na kuna Wadi Shab, ambako boti ndogo inakuvusha kisha unatembea kwa miguu bondeni, mitende huku na maji huku, hadi kwenye mabwawa ya kuogelea. Watalii wa Ulaya wanajaa hapo. Sisi tunapita na gari tukienda kwingine.

Karibu kabisa na Sur kuna Qalhat, na hapa naomba msomaji asimame nami kidogo. Kwa macho ni magofu tu: mawe yaliyotapakaa juu ya mwamba wa pwani, na jengo moja lililobaki wima, linaloitwa kaburi la Bibi Maryam, kuba lake limeporomoka. Lakini Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika na hapa pia. Alitoka Sur kwa miguu, akafika hoi, miguu imevimba ndani ya viatu. Ameusifu msikiti wa Qalhat, ulio juu ukiitazama bahari, akasema ulijengwa na Bibi Maryam, na akawasifu samaki wa mji huo kuliko kitoweo chochote. Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505. Miaka mitatu baadaye waliichoma Qalhat. Kilwa Kisiwani imo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, Qalhat tangu 2018. Aliyewahi kusimama kwenye msikiti mkuu wa Kilwa akasikia uchungu wa mji uliokatizwa, akisimama Qalhat atausikia tena, na hatahitaji mtu wa kumweleza.

Sur yenyewe ni mji mweupe wa nyumba fupi, uliozunguka hori. Ng'ambo ya daraja kuna mtaa wa Al Ayjah na mnara wake wa taa. Kitu cha kwanza cha kutafuta ni kiwanda cha majahazi. Mafundi wengi siku hizi wanatoka India, lakini kazi ni ile ile. Nilimtazama fundi mmoja akikalafati: anachukua uzi wa pamba uliolowa mafuta, anausokota kwa vidole, anaulaza kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, kisha anaushindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti, pole pole, mpaka uzi unapotea na mwanya unaziba. Halafu anasogea upana wa kiganja na kuanza tena. Kwa ustadi wa zamani jahazi zima hujengwa bila mchoro: mbao za ubavu hupandishwa kwanza kutoka kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, mataruma ya ndani, zile mbavu zake, yakafuata, na kipimo ni jicho la fundi mkuu. Aliyekulia Tanga, Lamu au Nungwi anayajua haya kabla hajaelezwa.

Pembeni ya hori limewekwa Fatah al-Khair, jahazi kubwa lililojengwa hapo hapo Sur. Liliuzwa likaishia Yemen, na mwaka 1993 watu wa Sur walichangishana fedha wakalirudisha kwao. Napenda sana habari hiyo. Nawaza majahazi yetu mangapi yameozea kwenye matope, wala hakuna aliyepitisha bakuli.

Ni hapo penye jahazi nilipomsikia mzee mmoja wa kanzu na kofia ya kufuma akimwambia mjukuu wake, "Usipande hapo, utaanguka." Kwa Kiswahili safi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Tanga."

"Tanga wapi? Ngamiani au Chumbageni?"

Baba yake mzee huyo alikuwa nahodha. Alishuka na kaskazi amebeba tende, chumvi na papa mkavu, akarudi na kusi amepakia boriti za mikoko za Rufiji na Lamu. Boriti hizo ndizo zilizoezekea nyumba za huku. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, sawasawa na nyumba za kale za Lamu. Mzee alinionyesha nyumba moja ya zamani yenye dari hiyo. Miti imegeuka rangi ya kahawia iliyoiva, bado imeshika.

Si mizigo hiyo peke yake iliyosafiri. Majahazi ya Sur yalibeba na watu waliotekwa bara na kuuzwa, hata baada ya Waingereza kupiga marufuku biashara hiyo baharini. Baadhi ya manahodha walipandisha bendera ya Ufaransa ili meli za doria za Kiingereza zisiwapekue, mpaka Uingereza na Ufaransa zikapelekana mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu mwaka 1905. Ninataka watu wetu wasimame mbele ya jahazi hilo wakilijua na hili. Uzuri wa ubao na uchungu wa waliolala chini ya sitaha ni historia moja, na watoto tunaowapeleka matembezini wana haki ya kuambiwa yote mawili na sisi wenyewe.

Basi, anayekwenda aende kati ya Novemba na Machi. Mabasi ya kampuni ya Mwasalat yanafika Sur, lakini ukitaka kusimama Bimmah, Wadi Shab na Qalhat, changieni gari. Mbingu zikionyesha mawingu mazito upande wa milima, msiingie wadi, yaani bonde la mto, kabisa, maana mafuriko hushuka ghafla hata pale mliposimama pakiwa pakavu. Laleni Sur usiku mmoja. Ras al-Jinz, ambako kasa hupanda ufukweni kutaga, haiko mbali. Wageni huingia na mwongozaji tu, kwa hiyo wekeni nafasi mapema. Na kama mna mzazi au babu anayeikumbuka misimu ya majahazi, mchukueni yeye kwanza, akae kiti cha mbele.