Kofia ya Texas, ulimi wa Birmingham

Machi miaka miwili iliyopita nilikuwa London kwa dadangu, anayekaa Woolwich. Jumamosi akanipeleka O2, lile jumba lenye paa kama hema kubwa, kwenye tamasha la Country to Country, la muziki wa kantri wa Kimarekani. Bei ya tikiti tuliiangalia kwenye simu, tukaangaliana, tukaamua kubaki kwenye ujia wa mikahawa. Huko kuna majukwaa madogo ya bure. Na huko ndiko utawakuta chipukizi wengi wa kantri ya Uingereza: Wamarekani wako ndani mbele ya watu karibu 20,000, wenyeji wako nje wanashindana na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa.

Akapanda kijana mmoja, kofia pana, mkanda wenye bamba la kung'aa ukubwa wa sahani ya chai. Akaimba kuhusu pikapu ya babake na barabara ya vumbi, sauti ameivuta puani kama mtu aliyezaliwa Texas. Aliimba vizuri, sitamnyima hilo. Wimbo ulipoisha akasogelea maikrofoni kushukuru watu, na kilichomtoka kinywani ni Kiingereza cha Birmingham kitupu. Dada, ambaye alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini na hana subira na mtu, alicheka hadi chipsi zikamwagika.

"Kumbe anatuigizia tu," akasema.

Tangu siku hiyo nimejaribu kumtetea yule kijana na nimeshindwa. Vumbi gani, Birmingham, mahali ambapo mvua haiulizi msimu?

Lakini sisi Wakenya tucheke kwa adabu. Nimelelewa Kericho, nyumba ambayo Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alisikika kila Jumapili baada ya kanisa, na mamangu aliimba naye maneno ambayo nusu yake hakuyajua maana. Hadi leo kuna baa Nairobi ambako wanaume wazima, mameneja wa benki, huvaa buti za kauboi kwenda kula mbuzi choma. Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, amejijengea jina kwa kantri hiyohiyo, nami ni shabiki wake. Ila ukifumba macho akiimba, hutajua uko Nairobi.

Waliotuonyesha njia nyingine walikuwa wasichana. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, huko kwetu Kericho, na mashine yake ya kurekodi, akakuta wasichana wa Kikipsigis wakiimba kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Hivyo ndivyo walivyolitamka jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Mississippi, Marekani, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini kwetu. Wasichana wale hawakumwiga hata kidogo. Walilimeza jina lake, wakamgeuza nusu mtu nusu swala, wakapiga kinubi chao wenyewe, wakamwalika aje acheze hadi suruali imwanguke. Kwangu mimi hiyo ndiyo kantri bora iliyowahi kurekodiwa Kenya, na haina gitaa hata moja.

Kwa hiyo nikisikiliza chipukizi wa Uingereza huwa nawapima kwa Chemirocha. Je, kimepita kitu kwenye ulimi wao, au wamevaa tu kofia?

Wapo waliofaulu. The Shires, kundi la watu wawili, walichukua jina kutoka kwenye majimbo ya kwao, yale yanayoishia na "shire", na katika wimbo wao "Nashville Grey Skies" wakasema wazi kwamba wanataka kujenga Nashville yao, mfano wa ule mji wa Marekani ulio makao makuu ya kantri, chini ya mawingu ya kijivu. Albamu yao Brave ya 2015 iliingia 10 bora ya chati ya Uingereza, jambo ambalo hakuna wasanii wa kantri wa huko waliokuwa wamelifikia. Mwaka uliofuata mapacha wa Hampshire, Ward Thomas, wakashika namba moja na albamu yao Cartwheels. Sitadai kila wimbo wao ni dhahabu. Sauti zile mbili zikipandana lakini, ni ndugu wanaoimba jikoni kwao, si jikoni kwa watu.

Anayenigusa zaidi ni Kezia Gill wa Derbyshire. Ana sauti yenye mchanga ndani yake, sauti ya mtu aliyewahi kuimba baa ambako nusu ya wateja wanatazama mpira. Hahitaji pikapu. Akiimba kuhusu babake unamwona baba mwenyewe, si baba wa kwenye sinema. Twinnie wa York naye ametoka katika jamii ya wasafiri, watu wa misafara, na akiligusa hilo huwa ana habari ambayo Nashville haina.

Halafu kuna Yola, ambaye si chipukizi tena. Ni mtoto wa Bristol, mamake ametoka Barbados, na albamu yake Walk Through Fire ilimletea uteuzi mara nne kwenye tuzo za muziki za Grammy za 2020. Alikwenda kuirekodi Nashville penyewe, na bado hakuna mahali anapojifanya mtu wa kule. Nafikiri mwanamke Mweusi mwenye kantri alishaambiwa mara nyingi sana kwamba hapo si pake, mpaka akaacha kuomba ruhusa ya mtu. Banjo yenyewe, ile ala ya nyuzi ya kantri, asili yake ni Afrika Magharibi, hata hivyo. Na nyingi za hadithi za mapenzi na mauaji zinazoimbwa milima ya Appalachia, Marekani, zilivuka bahari kutoka Uskoti na Uingereza. Cecil Sharp, Mwingereza aliyekusanya nyimbo za jadi, alisafiri huko kati ya 1916 na 1918 kuzitafuta, akazikuta zinaimbwa na watu ambao hawajawahi kuiona Uingereza. Kijana wa Birmingham ana haki kamili ya kuimba hizi nyimbo. Ndiyo maana naudhika akiziimba kama mgeni.

Remember Monday, kundi la wanawake watatu wa Uingereza, sijui niwaweke wapi. Walianza na kantri ya sauti tatu, safi kabisa. Walipopelekwa Eurovision 2025, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, kule Basel, Uswisi, wimbo ulikuwa pilau lenye kila kiungo, majaji wakawapa pointi 88 na watazamaji sifuri. Sifuri ile ilikuwa ukatili. Lakini kantri iliyokuwemo ningeihesabu kwa kijiko cha chai.

Wiki iliyopita dada alinitumia video ya sekunde arobaini. Baa ndogo, msichana ameketi kwenye stuli na gitaa, anaimba kuhusu basi la mwisho lililomwacha kituoni kwenye mvua, kwa lafudhi ya Yorkshire ambayo hata dada, na miaka yake kumi na moja ya Uingereza, hakuielewa yote. Nyuma anasikika mtu akiagiza bia mbili. Jina la msichana hakulishika. Nimemwambia arudi Ijumaa akaulize.