Zawadi ya Mkono Si Dalili ya Kufulia

Mwenzangu kazini alifungua kofia niliyomfumia kwa ajili ya sikukuu, akaivaa papo hapo na kukaa nayo hadi jioni. Wengine wakaja kuuliza: uzi gani huu, mshono gani, ulianza lini? Bei hakuiuliza mtu. Nilifurahi, kisha nikaudhika, maana kofia ya uzi huohuo niliituma nyumbani na jibu likawa moja: "Na simu je?"

Najua mtakaloniambia. Huyu keshakaa majuu, sasa anataka kutufundisha kupokea zawadi. Sivyo. Shida za nyumbani nazijua, ada na kodi ya nyumba hazilipwi kwa kofia, na hela za hayo natuma kando kama kila aliye huku. Nasema kile kifurushi kimoja cha mwisho wa mwaka. Kikiwa na lebo ya dukani, mtumaji ana uwezo. Kikiwa cha mkono, basi kafulia.

Kafulia? Sabuni ya mafuta na kostiki isiyochemshwa hukaa wiki 4 hadi 6 ikikomaa kabla ya kutumika. Sweta la mtu mzima hula jioni nyingi, na kabla ya kulianza unafuma kipande cha majaribio, unahesabu mishono ndani ya sentimita 10, la sivyo halitamkaa mwenyewe. Lazima nikumbuke upana wa mabega yake, rangi anayoipenda, kama sufu humwasha. Dukani ningemaliza yote hayo kwa kutoa kadi tu. Halafu kuna posta. Fomu ya forodha inataka kila kitu kitajwe, uzito wake na thamani yake, na kwenye thamani kalamu husimama: niandike gharama ya uzi tu, au na jioni zangu?

Kinachouma zaidi ni kwamba ufundi huu sikuupata huku. Aliyenishikisha sindano ni shangazi, na mshono wake umenyooka kuliko wa yeyote niliyekutana naye ughaibuni. Huku watu wanalipia masomo kujifunza alichokuwa akikifanya shangazi huku anapiga soga. Tunao utajiri huo mikononi, halafu tunaona aibu kuufunga kwenye karatasi na kumpa mtu!

Mwingine atasema watu wa huku wanapenda vya mkono kwa sababu vya dukani wameshavichoka, na muda wanao. Muda gani? Hawana hata wa kula wakiwa wamekaa. Ndiyo maana wanashtuka mtu akiwapa wake. Wala sisemi wote ni wema; wapo wanaoshukuru kwa maneno matamu, kitu kikaishia kabatini.

Mwaka huu natuma tena, safari hii sweta. Nimeweka na kadi ya maelekezo ya kufua: maji baridi, usisugue, usitundike, laza juu ya taulo. Nywele za sufu zina magamba madogo, zikipata maji moto na kusuguliwa hushikana na sweta linarudi. Na wewe binamu, mikono ikiwa mifupi usinyamaze. Kilichofumwa hufumuliwa. Mpe yeyote anayesafiri aje nalo, pamoja na kipimo cha kutoka begani hadi kifundo cha mkono, nitaongeza.