Stauti, sukari na lawama za mwaka 1880

Wapenzi wa stauti ya kizamani wana simulizi wasilochoka nalo. Bia nyeusi ya Uingereza, wanasema, ilikuwa kimea (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa), hopsi (maua machungu ya kutia ladha) na maji tu, mpaka Gladstone, waziri mkuu, alipofuta kodi ya kimea mwaka 1880 na wapika bia wakapata ruhusa ya kuchakachua kwa sukari na nafaka nyingine. Wakibanwa watoe ushahidi, wanataja bia yenye sumu ya Manchester, mwaka 1900.

Hoja yao ina mashiko. Ushuru ulitoka kwenye kimea ukahamia kwenye ukoleo wa maji matamu kabla hayajachacha. Utamu huo uwe umetoka kwenye shayiri, mchele au mahindi, mkusanya ushuru haikumhusu. Mnywaji naye hakuambiwa kitu, na hapo nakubaliana nao kabisa. Cuthbert Quilter, mbunge kutoka Suffolk, alipopeleka bungeni mswada wa bia safi, alikuwa akiwasemea pia wakulima wa shayiri walioelemewa na nafaka rahisi ya ng'ambo.

Ila sukari ilikuwa halali kwenye bia tangu 1847. Hata kubana matumizi hakukuanza na Gladstone. Wapika stauti walikwishaacha kimea cha kahawia kwa sababu cheupe kilitoa sukari nyingi zaidi, na tangu Daniel Wheeler apate hataza ya pipa lake la kukaangia, mwaka 1817, kimea kidogo kilichounguzwa kama buni kilitosha kutia weusi. Ule weusi unaoitwa asili ulikuwa ujanja wa kiwandani.

Sasa Manchester. Wagonjwa walifika miguu ikiwaka moto, wengine hawawezi kusimama, ngozi imebadilika rangi. Madaktari wakaandika: ulevi. Dakta Ernest Reynolds, aliyewatibu maskini wa mji huo, akajiuliza mbona wanywaji wa pombe kali hawaugui hivyo. Akaipima bia, akakuta aseniki, sumu kali. Ilifuatiliwa hadi kwenye sukari ya kiwanda cha Bostock, Garston, karibu na Liverpool, iliyotengenezwa kwa asidi ya salfa kutoka Leeds. Na asidi hiyo ilitokana na mawe ya madini yenye aseniki, bila kusafishwa. Waliougua walipita 6,000, na waliokufa si chini ya 70.

Hapo ndipo watu wa kimea kitupu hufunga mjadala, na ndipo ninapotaka usifungwe. Tume ya Kifalme iliyochunguza sumu hiyo, chini ya mwanafizikia Lord Kelvin, haikuishia kwenye sukari. Ilikuta aseniki pia kwenye kimea chenyewe, kilichokaushwa juu ya moto wa makaa ya mawe, moshi ukipita katikati ya punje. Stauti isiyo na chembe ya sukari ingeweza kubeba sumu ileile, na sheria ya kuhesabu viungo, kama ile ya Quilter, isingeiona.